Somoe wa Kilima cha Chumvi

Kijiji cha Mnongwe kipo ukingoni mwa jangwa la chumvi, uwanda mtupu ambao bahari huufikia mara chache tu, kaskazini ya mlango wa mto Ruvuma. Mashariki kuna mikoko, na nyuma ya mikoko bahari. Magharibi ardhi hupanda polepole hadi kwenye mikorosho, kisha njia ya mchanga inayokwenda Nanyamba. Mwaka 1974 kilikuwa na kaya tisini na nne, msikiti mmoja, visima viwili vya maji ya kunywa na kimoja kilichoharibika. Watu wake walilima muhogo na mtama, waliokota korosho, na walivua kidogo. Mahali pote pale ni tambarare, isipokuwa kilima kimoja tu, kirefu kama minazi miwili iliyounganishwa, kimesimama peke yake pembeni mwa jangwa.

Mambo hayo niliyaandika mwenyewe, kwa sababu nilikuwa karani wa kijiji na fomu ilitaka hivyo. Fomu haikuwa na nafasi ya kumwandika Somoe binti Nangumbi. Kwa hiyo namwandika hapa.

Somoe alizaliwa yapata mwaka 1931. Baba yake, huyo Nangumbi, alikuwa mtu wa Kitaya, akafa mapema, na habari zake hazikutajwa sana, maana huku kwetu mtu huhesabiwa kwa mama yake. Mama yake alikuwa Bi Hadija, na Bi Hadija alikuwa mwenye chumvi. Hicho kilikuwa cheo. Mwenye chumvi ndiye aliyesema lini wanawake waanze kukwangua udongo wa jangwani, nani akae wapi, na lini waache. Cheo hicho alikipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, kurudi nyuma mpaka kwa Namkuna aliyeshuka kutoka nyanda za juu na dada zake wawili kutafuta chumvi. Walipoipata, wakakaa. Hiyo ndiyo asili ya Mnongwe, ingawa wanaume walikuwa na hadithi nyingine.

Kazi yenyewe ilifanywa kuanzia mwezi wa Juni, jangwa linapokauka na kuwa jeupe juu. Wanawake walikwangua ule udongo mweupe, wakautia kwenye kapu la ukili lililotundikwa juu ya miti mitatu, wakamimina maji. Maji yaliyodondoka chini yalikuwa makali ya chumvi. Hayo waliyachemsha kwenye vyungu kwa kuni za mikoko tangu asubuhi mpaka chumvi ibaki chini ya chungu kama ukoko wa wali. Walibadilishana na watu wa Nanyamba, pishi moja ya chumvi kwa mbili za mtama. Vita vya Wareno vilipoanza upande wa pili wa Ruvuma, wakimbizi walivuka na hata wao wakaja kuomba chumvi, maana kwao hakukuwa na duka lililobaki.

Kulikuwa na mwiko. Mwanamume hakanyagi penye chumvi vyungu vikiwa motoni, na mambo ya chumvi haambiwi mwanamume. Ndiyo sababu wanaume wa Mnongwe walijua ladha ya chumvi na hawakujua inavyopatikana. Waliona moshi wakiwa mbali, wakajua wake zao wapo nyuma ya kilima. Basi.

Mwezi Agosti 1966 Rashidi Likwena aliuvunja mwiko huo mchana kweupe.

Rashidi alikuwa amerudi kutoka Mtwara, ambako alifanya kazi bandarini miaka sita. Alirudi na viatu vya ngozi, redio, na mke kijana aliyemwoa Nanyamba, jina lake Sharifa. Alijua kuzungumza mbele ya watu, na kabla mwaka haujaisha akawa mwenyekiti wetu. Alikitaka kile kilima. Alisema mtu mwenye akili hajengi bondeni penye mbu huku Mungu amemwekea kilima.

Alikuja na viatu vyake katikati ya vyungu saba vilivyokuwa vinachemka. Bi Hadija alisimama mbele yake.

"Baba, rudi," alimwambia. "Jua likitua nitakuja kwako tuzungumze."

"Tuzungumze nini, bibi? Chumvi ya pakiti ipo dukani. Nyie mnatufukiza moshi tu hapa, na ushenzi wenu wa miiko."

Akakipiga teke chungu cha kwanza. Akaendelea mpaka cha saba. Chungu cha nne kilikuwa cha Bi Hadija mwenyewe, na maji yake yalimmwagikia miguuni, kuanzia magotini kushuka. Maji ya chumvi yaliyochemka nusu siku si kama maji ya chai. Hushika ngozi.

Bi Hadija aliishi miezi mitatu baada ya hapo. Miguu haikupona. Somoe alikuwa akiifunga kwa majani ya mgomba kila asubuhi na kuifungua kila jioni, na mambo aliyoyaona humo hakuniambia, alisema tu kwamba alikuwa akihesabu siku. Bi Hadija alizikwa mwezi Novemba. Rashidi alikuja matangani, akala wali, akasimama na kusema kazi ya Mungu haina makosa. Somoe alikuwa ndani na wanawake. Alisikia kila neno.

Vigae vya chungu cha nne alikuwa ameviokota siku ileile. Aliviweka ndani ya kikapu kidogo, chini ya kitanda. Tangu msimu ule vyungu havikuteleka tena nyuma ya kilima.

Mwaka 1967 Rashidi alijenga kileleni mwa kilima. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya matofali na mabati katika Mnongwe, vyumba vinne na baraza. Alipotafuta miti ya kenchi aliona kwamba chini ya kilima, upande wa jangwani, kulikuwa na safu ya magogo ya mikoko yaliyosimikwa kwa kubanana, meusi na magumu kama chuma. Hakujiuliza nani aliyasimika. Aliyang'oa yote, akaezekea nyumba yake.

Siku ile wanawake walitazama wakiwa visimani. Bibi Mwanahawa, aliyekuwa mzee kuliko wote baada ya Bi Hadija, alimwambia Somoe kwa sauti ndogo:

"Anang'oa meno ya kilima."

"Namwona," alisema Somoe.

"Tumwambie?"

"Mwiko si ni mwiko, bibi? Au yeye kaufuta, na sisi tuufute?"

Sasa nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua lote mpaka mwaka 1975, Somoe aliponiambia ili niliandike. Udongo ukishachujwa hauna kazi tena. Wanawake waliuita machicha, kama machicha ya nazi iliyokwisha kamuliwa. Kila kapu likichujwa, machicha hutupwa nyuma. Namkuna alitupa yake, binti yake akatupa, na wengine waliofuata wakatupa palepale, kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, na kila msimu wakaongeza magogo chini ili bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yasiyarudishe machicha jangwani. Upande wa zamani uliota majani, kisha vichaka, kisha miti. Mungu hakukiweka kilima kile. Kiliwekwa na wanawake, kapu moja moja, na ndani yake hamna jiwe hata moja. Ukikanyaga juu ni kigumu. Ukikinyima magogo yake na kukipa maji, ni uji.

Somoe aliwakusanya wanawake wote wa chumvi nyumbani kwake na kuwaapisha wasiseme. Hakuhitaji kutumia nguvu. Wote walikuwa wameiona miguu ya Bi Hadija.

Kisha akaanza kungoja, na namna yake ya kungoja ilikuwa ya kazi. Kila mwezi, siku mbili baada ya bamvua kubwa, alikwenda nyuma ya kilima akijifanya anaokota kuni, akapima kwa hatua zake kutoka kwenye ukingo mpaka ukuta wa nyuma wa nyumba ya Rashidi. Alianza na hatua arobaini. Mwaka 1970 zilikuwa ishirini na sita. Mwaka 1973 zilikuwa kumi na nne. Aliyakariri hayo kichwani, na aliponitajia baadaye niliyaandika, naye hakukosea tarehe hata moja.

Rashidi naye aliona ukingo unasogea. Alisema bahari hula pwani kila mahali, na ikifika kwenye mwamba itasimama.

Walikutana mara nyingi njiani. Somoe hakuacha kumwamkia. "Shikamoo, Mwenyekiti," alikuwa akisema, ingawa walilingana umri, na Rashidi alipenda kuamkiwa hivyo. Mara moja alimwambia:

"Bi Somoe, umeona sasa? Ungekuwa bado unafuka moshi kule. Mimi nimekupumzisha."

"Nimepumzika kweli, Mwenyekiti," alijibu. "Nami naomba na wewe upumzike vizuri kwako huko juu."

Mwezi Septemba 1974 alikuja Erasto, bwana maendeleo kutoka Mtwara, Mpare mrefu mwenye miwani. Wakati huo watu walikuwa wakihamishwa kukaa pamoja vijijini, na kila kijiji kilitakiwa kuandikishwa. Fomu ilikuwa na kurasa sita: mipaka na sura ya nchi, uchumi, historia, na mahali patakapojengwa shule. Mkutano ulifanyika mbele ya msikiti. Mimi niliandika.

Rashidi alijibu yote. Kijiji kilianzishwa na babu yake Likwena, aliyevuka Ruvuma na watu kumi. Uchumi ni korosho. Chumvi haikutajwa. Shule, alisema, ijengwe kilimani karibu na nyumba yake, upande wa kaskazini, penye upepo.

Niliwaona wanawake wakitazamana. Somoe aliniambia baadaye kwamba usingizi ulikuwa umemkataa tangu aliposikia habari ya shule, kabla ya mkutano ule. Alikuwa amengoja miaka saba nyumba moja ianguke, na sasa mtu huyuhuyu alitaka kuweka watoto mia moja juu ya machicha. Angesema, angemwokoa Rashidi. Angenyamaza, angewaua watoto. Alikuwa amezunguka na jambo hilo siku tatu, akapata njia.

Alisimama. Kwa kawaida alikuwa haneni mikutanoni, kwa hiyo watu waligeuka kumtazama.

"Bwana Maendeleo, kilima hicho kimeandikwaje?"

Erasto alinitazama. Nilisoma: "Kilima cha asili."

"Nani kasema ni cha asili?"

"Nimesema mimi," alisema Rashidi. "Kwani kimefinyangwa na nani, mama? Wewe?"

Watu wakacheka. Somoe naye akacheka kidogo.

"Basi andika kwamba kasema Mwenyekiti, na Mwenyekiti atie sahihi hapo pembeni. Sisi wengine hatujasoma, tusije tukasingiziwa kesho."

Erasto aliona ni ombi la haki. Rashidi alitia sahihi kubwa yenye mkia.

"Na shule lazima iwe na choo," aliendelea Somoe. "Kabla hamjaleta matofali, si mchimbe choo kwanza? Leo watu wapo."

Wanaume wanne walipanda na majembe, na kijiji kizima kikafuata. Walipofika kiunoni walitoa vigae. Walipofika mabegani walitoa majivu, na vigae zaidi, na kipande cha ukili kilichooza. Udongo ulikuwa laini, wa rangi moja, kama unga. Walipofika urefu wa mtu na mkono wake ameunyoosha, kuta za shimo zilianza kudondoka zenyewe, na aliyekuwa chini akaomba kamba haraka.

Erasto alichukua kigae, akakifuta kwa leso. "Hiki ni nini?"

"Muulize Mwenyekiti," alisema Somoe. "Kilima ni chake."

Erasto hakuwa mjinga. Alimwaga maji ya chupa yake kwenye lundo la udongo uliotolewa, akautazama unavyoyeyuka. Akaniambia nifute neno kilimani na niandike shule itajengwa upande wa mikorosho. Kisha akamgeukia Rashidi.

"Ndugu Mwenyekiti, na wewe ningekushauri uhame. Hapa pamejazwa na watu. Hapashiki."

Hapo ndipo Somoe alipomtazama Rashidi usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya vyungu. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, na ardhi iliyojazwa kwa mikono ni ya ukoo wa waliojaza. Rashidi akihama, atakuwa amekiri mbele ya kijiji kwamba kilima si cha asili, na kwamba amekaa miaka saba katika kiwanja cha Bi Hadija. Tena sahihi yake haijakauka.

"Vigae walitupa wanawake juu juu," alisema Rashidi. "Nyumba yangu imesimama masika saba. Sihami kwa ajili ya takataka za jikoni."

"Umesikia, Bwana Maendeleo," alisema Somoe, akashuka zake.

Jioni ile Bibi Mwanahawa alimfuata nyumbani.

"Umewaokoa watoto wa watu. Mwanangu, mmalizie na yeye."

"Ameshauriwa na serikali akakataa. Mimi nani?"

"Wewe ndiye unayezijua hatua zimebaki ngapi."

"Zimebaki tisa," alisema Somoe. Alivuta kikapu kutoka chini ya kitanda, akakiweka mapajani mwa yule mzee. "Viunganishe hivi, bibi, nikamwambie leo leo."

Bibi Mwanahawa alishikashika vile vigae kwa muda. Kisha akasema, "Sharifa hakupiga teke chungu cha mtu. Wala watoto wake."

Hilo Somoe hakulibishia. Sharifa alikuwa mtu wa Nanyamba, hakuna aliyewahi kumpeleka penye chumvi. Lakini alikuwa mwanamke, na mwanamke huambiwa. Mwezi Oktoba Somoe alimwita, akamwapisha kama wenzake, akamfundisha tangu kukwangua hadi kukung'uta kapu, na siku ya tatu akamwambia:

"Sasa geuka nyuma, utazame machicha yanakokwenda."

Sharifa aligeuka. Alitazama kilima tangu chini mpaka kwenye mabati ya nyumba yake. Somoe anasema aliketi chini palepale.

Alipoulizwa baadaye, Sharifa alisema: "Nilimwambia mume wangu tuhame. Akaniuliza nani kakutia hofu. Nikanyamaza, maana nimeapa. Akasema basi hofu ya mwanamke asiyemtaja aliyemtisha haimhamishi mwanamume." Mwezi Machi mvua zilipozidi, aliaga kwamba anakwenda kumuuguza mama yake Nanyamba, akachukua watoto wote watatu, na cherehani.

Tarehe 28 Machi 1975 ilikuwa Ijumaa. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, mto umejaa, na bamvua ya mwezi mpevu ilikuwa ya kiwango ambacho hutokea mara chache. Tulitoka msikitini, tukala. Saa kumi maji yalipita mikoko na kulifunika jangwa lote. Rashidi alikuwa barazani akisikiliza redio.

Hakukuwa na kishindo. Kwanza choo chake kiliondoka. Kisha ukuta wa nyuma ulikaa chini taratibu, kama mtu mzee anayetafuta kigoda, na mabati yakafuata. Kenchi zile nyeusi ziliteleza mpaka kwenye maji zilikotoka. Nusu ya kilima ilikuwa imekuwa uji. Rashidi aliruka kutoka barazani, akabaki amesimama kwenye kipande kilichosalia, kanzu imelowa, redio bado mkononi inasema.

Wanaume tulikimbia kuokoa vyombo. Wanawake walisimama chini, wote wa chumvi, mmoja pembeni ya mwenzake. Hawakusogea.

Rashidi alishuka mpaka mbele ya Somoe.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Miaka yote hii. Unaniamkia kila siku, na unajua."

"Tangu siku uliyong'oa magogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mwanamume," alisema Somoe. "Mambo ya chumvi haambiwi mwanamume."

Rashidi alitazama chini, kwenye miguu yake, iliyokuwa na matope mpaka magotini. Sijui alikumbuka nini. Somoe anasema alikumbuka.

Mwezi wa Mei tulichagua mwenyekiti mwingine. Erasto alileta fomu ili tusahihishe. Nilitaka kulikata lile neno la kilima cha asili, lakini Somoe alinishika mkono.

"Liache. Na sahihi yake iache. Andika chini yake kilichotokea na tarehe. Watoto wa shule wasome vyote viwili."

Niliandika hivyo. Katika sehemu ya uchumi niliongeza chumvi, na katika historia jina la Namkuna na dada zake wawili. Karatasi hiyo ipo mpaka leo, na sahihi yenye mkia inaonekana vizuri.

Juni ilipofika jangwa lilikauka. Pale nyumba ilipokuwa, bahari ilikuwa imeingia na kukaa siku kadhaa, na machicha yaliyokuwa yamekwisha ladha yalikuwa yamenywa chumvi upya. Yaling'aa meupe. Somoe, ambaye sasa ndiye mwenye chumvi, alifukia vigae vya mama yake chini ya mafiga matatu mapya, akateleka chungu kipya juu yake, na kapu la kwanza la msimu akalikwangua hapo hapo.

Chumvi ya chungu hicho hakuibadilisha kwa mtama. Yote alimpa Sharifa, aliyekuwa amerudi na kukaa na mumewe katika kibanda cha makuti karibu na visima. Sharifa aliipikia samaki siku hiyohiyo.

Rashidi alionja, akala, akaongeza. Alisema ni muda mrefu hajala chumvi kali namna ile, akauliza imetoka wapi.

"Chumbani kwetu kule kilimani," alisema Sharifa, akamwongezea mchuzi.